Kuvu Mapacha na Togwa ya Sikudhani

Kijiwe chetu cha Manyoni kiko nyuma ya mashine ya kusaga, karibu kabisa na reli, na benchi letu ni taruma la chuma, lile linalolazwa chini ya reli, lililoinuliwa juu ya mawe. Lilitoka reli gani na nani alilibeba, hilo usiulize. Ukiuliza sana utaambiwa kahawa yako inapoa. Asubuhi taruma ni barafu, mchana ni kikaango, kwa hiyo kikao huanza alasiri, jua likishajificha nyuma ya mashine. Birika ni la Mzee Mohamedi, mtu wa swala tano na ulimi usio na mapumziko. Siku ninayoisema alikuwepo Bunge, fundi baiskeli, ambaye kwao anaitwa Lazaro lakini hapa tumembatiza upya kwa sababu huchangia hata hoja ambayo haijaletwa. Alikuwepo Profesa, yaani Bonaventura, aliyesomea ualimu mwaka mmoja akarudi na methali bila cheti. Nilikuwepo mimi na cherehani yangu. Na mwisho kabisa wa taruma alikaa Mathayo, mkulima wa Kintinku. Huyo hana jina la utani maana si mtu wa kijiwe. Alikuja tu, akaamkia, akaagiza kahawa, akainamisha kichwa. Hatukumuuliza kilichomleta, tulikijua.

Chini ya bati la mashine palikuwa na nafasi wazi. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Sikudhani na ndoo yake ya togwa, mpaka lilipotokea lile la kipaimara. Mathayo alikuwa na sherehe nyumbani, Sikudhani akaletewa oda, watu wakanywa wakacheza. Haukupita muda watoto wa Mathayo wakaanza kuumwa, macho ya njano, matumbo yamejaa, na yule mdogo, Rebeka, akalazwa hajitambui. Mji mzima ukatoa hukumu siku hiyohiyo: togwa. Si watu waliliona gunia la Sikudhani la kimea cha togwa lina ukungu wa kijani? Kwamba wageni wengine walikunywa togwa ileile wakarudi kwao wanaimba, hilo halikumkosesha mtu usingizi. Mathayo mwenyewe alikuja hapahapa mbele ya taruma akamwambia yule mama, "Umeniulia mtoto." Mtoto hakufa, Mungu mkubwa. Ila neno halikufa pia, na Sikudhani akaacha kuja.

Halafu akaja Kauthar, binti wa marehemu Anuari wa duka la vitenge, siku hizi mtafiti wa chuo kikuu. Yeye na wenzake walichukua kimea cha Sikudhani, wakachukua na mahindi ya kwa Mathayo, wakaenda nayo maabara. Jana yake majibu yalisomwa ofisi ya kata, watu wamejaa hadi madirishani. Kimea hakina sumu. Sumu ilikuwa kwenye mahindi ya Mathayo mwenyewe. Sikudhani akatuma salamu kwamba kesho yake anarudi mahali pake. Kwa hiyo taruma siku hiyo lilijaa watu wenye shukrani, na watu wenye shukrani, kumbe, hugombana kuliko wengine wote.

BUNGE: Mimi nimeshasema. Yule binti apewe jogoo. Jogoo wa Singida hasa, akiwika huku, Itigi wanaamka.

PROFESA: Jogoo? Mtu ameokoa jina la mama wa watu, wewe unampa mboga? Apewe ndoo ya asali. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali.

BUNGE: Hiyo methali inaingiaje hapo?

PROFESA: Kauthar amefuata ukungu, sisi tukala... Subiri kwanza. Inaingia tu.

MZEE MOHAMEDI: Jogoo mtampandishaje basi hadi chuoni? Awike darasani? Mpeni dua. Dua haifungwi kamba miguuni.

BUNGE: Mzee, dua wewe utaitoa bure. Ndiyo maana unaipigia debe.

MZEE MOHAMEDI: Na jogoo wewe unaye? Jogoo unayemsema ni wa shemeji yako.

Bunge alinywa kahawa akapotezea. Jogoo ni wa shemeji yake kweli.

PROFESA: Tuache zawadi, tuongee elimu. Mnajua alivyoijua ile kuvu? Mimi nilikaa mbele kabisa jana.

BUNGE: Ulikaa mbele, ukasinzia mbele.

PROFESA: Nilifumba macho nisikie vizuri. Amesema zilikuwa kuvu mbili. Moja ya kwenye kimea, moja ya kwenye mahindi. Zote kijani, zote unga unga. Ukiziweka kwenye hadubini ni mapacha, hata mama yao anakosea majina.

MZEE MOHAMEDI: Subhanallah. Sasa alizitenganishaje?

PROFESA: Kwa vinasaba.

BUNGE: Hapo sasa! Vinasaba ni kama namba ya kitambulisho cha taifa. Kila kuvu ilishaandikishwa. Kauthar aliingiza namba kwenye kompyuta, ikamletea picha, jina, kijiji alichozaliwa, na kesi zake za nyuma.

PROFESA: Acha fix. Kuvu itapigaje picha wakati haina sura?

BUNGE: Wewe mbona umepigwa?

Mzee Mohamedi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mkaa, moshi ukatupanda wote puani. Hata Mathayo alipiga chafya. Ndiyo sauti ya kwanza tuliyoisikia kutoka kwake tangu aagize kahawa.

PROFESA: Nisikilizeni. Kinasaba ni ukoo. Ukitaka kuoa binti wa Iramba, si wazee wanakaa wanachambua? Babu yake nani, bibi yake katoka wapi, kwao kuna wizi, kuna kichaa? Basi Kauthar aliziitia zile kuvu wazee wao. Ukoo wa kuvu ya mahindi ukaonekana una wauaji. Ukoo wa kuvu ya kimea, watu wa dini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

BUNGE: Hapana, Profesa. Amesema ni ndugu. Ukoo mmoja! Sasa mtoto wa nyoka si nyoka?

PROFESA: Ni nyoka, lakini huyu wa kimea kazaliwa kibogoyo.

MZEE MOHAMEDI: Mimi mnisamehe, kuvu ni jini. Jini mwenye subira. Anakaa gizani, anapenda unyevu, hapendi jua. Sifa za nani hizo? Na majini, kama mjuavyo, wapo wema na wapo wabaya. Huyu wa Sikudhani jini wake kasilimu.

BUNGE: Sasa mzee, binti kamjuaje aliyesilimu?

MZEE MOHAMEDI: Kamsomea! Si wamesema wenyewe kwamba wamesoma vinasaba? Mwema akatulia, mbaya akatapatapa. Mambo haya sisi tunayo zamani, wenzetu wameongeza umeme tu.

BUNGE: Jamani, mnajua mashine ile wakiileta hapa tumekwisha? Wanachukua unywele wako wanauweka pembeni ya unywele wa mtu mwema. Panapopungua, panaonekana. Mchoyo atajulikana. Mwizi wa mapaja ya kuku msibani atajulikana.

PROFESA: Mimi waje leo hii. Sina cha kuficha.

BUNGE: Wewe watakuweka pembeni ya profesa wa kweli, wataona ukurasa wa cheti umechanwa.

Nilikuwa nimenyamaza, kazi yangu ni uzi na sindano. Lakini nilishindwa kuvumilia. Jana yake Kauthar aliliongea jambo hili kwa lugha ya kazi yangu, na lilinikaa kichwani usiku mzima. Nikawaambia nilivyoelewa mimi.

MIMI: Alisema hivi. Baba yake dukani alikuwa na majora mawili ya kitenge, rangi moja, maua mamoja, ukishika unaona ni kitu kimoja. Moja likifuliwa linachuja, jingine halichuji. Kwa macho hutajua. Mpaka ukae ufumue uzi mmoja mmoja, huku na huku, uziweke nyuzi sambamba, ulinganishe. Na si vitenge hivyo viwili tu, uweke na vya maduka mengine ambavyo unajua tayari kipi kinachuja. Ndivyo walivyofanya. Wamesoma kuvu yote, mwanzo hadi mwisho, wakailinganisha na kuvu za mikoa mingine zinazojulikana tabia. Kuvu ya mahindi ina zile nyuzi zote za kutengeneza sumu, zimekamilika. Ya kwenye kimea, nyuzi zilezile zimekatika katikati. Haiwezi kutengeneza sumukuvu hata ikitaka.

BUNGE: Kwa nini zikatike?

MIMI: Alisema hawana uhakika. Labda imekaa kwenye kimea cha watu miaka mingi, inalishwa, inatunzwa kila wanapotengeneza togwa, sumu ikawa haina kazi ikaisha.

MZEE MOHAMEDI: Kama mbwa wa nyumbani.

MIMI: Kama mbwa wa nyumbani. Lakini alionya. Msiseme sasa ukungu wa kijani ni halali. Macho hayajui ipi ni ipi. Hata Sikudhani kaambiwa akianike kimea chake kikauke mpaka kilie.

Profesa alikuwa anatafuta methali, nilimwona midomo inacheza. Akaikosa, na kwa Profesa hilo ni tukio la kuandikwa gazetini.

MZEE MOHAMEDI: Alhamdulillahi. Mimi nilimjua huyu binti anatambaa juu ya meza ya kitenge. Baba yake angekuwepo jana...

Alifuta macho kwa ncha ya kanzu, akasingizia moshi. Mji huu umewahi kumfukuza mtu kwa jambo dogo kuliko ukungu, na mara nyingi hakuna anayekuja kufumua nyuzi. Safari hii alikuja mmoja, tena wa kwetu.

Ndipo Mathayo akainua kichwa.

MATHAYO: Alipokuja kwangu nilimfukuza.

BUNGE: Nani?

MATHAYO: Kauthar. Nilimwambia, nenda kamchukulie yule mama kimea chake, kwangu kuna wagonjwa, sumu hakuna. Akasema hawezi kupima upande mmoja. Akipima upande mmoja, amehukumu, hajapima. Akaenda akakaa juu ya jiwe nje ya kihenge, jua kali, hagombani, hanuni. Mke wangu ndiye aliyemwonea huruma akampa mahindi.

PROFESA: Mahindi yako yalikuwa na nini, Mathayo? Maana wewe ni mkulima wa siku zote.

Mathayo alizungusha kikombe kwenye vidole. Alijibu akikitazama.

MATHAYO: Tembo. Walishapita shamba la jirani, hawakuacha hata bua. Mimi yangu yalikuwa yamekauka nusu tu. Nikasema nikiyaacha yakauke shambani, kesho sina kitu. Tukavuna usiku na mchana, tukaingiza kwenye kihenge vilevile, na umande wake. Nikaziba. Nikamshukuru Mungu nimewashinda tembo. Tukaanza kuyala mapema, tukiacha ya gunia la zamani yawe ya kuuza. Na yaliyooza juu juu tulichambua, tukatupa. Yaliyobaki yalikuwa meupe, jamani. Meupe kabisa. Nilikuwa nawalisha watoto wangu kwa mikono hii.

Kila mkulima wa huku angefanya hivyohivyo. Unaogopa tembo anayeonekana, unafunga mlango, unajifungia ndani na asiyeonekana.

BUNGE: Kaka, hata mimi ningeingiza.

MZEE MOHAMEDI: Na mtoto yuko hai, Mathayo. Lile kubwa zaidi Mungu kalifanya. Daktari aliambiwa mapema, mahindi yalipopimwa tu, kabla ya haya ya vinasaba; ugali ule ukasimamishwa, mtoto akainuka. Ungeendelea kuilaumu togwa huku unampa ugali, leo tungekuwa tunaongea mengine.

MATHAYO: Najua, mzee. Kila nikimwona anacheza najua.

Tulikuwa katika hali hiyo tulipomwona Sikudhani anatoka upande wa reli. Ndoo kichwani, kata mkononi, khanga mpya iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana. Alitembea polepole kama mtu aendaye kanisani kachelewa, anayejua watu wote watageuka. Bunge aliruka kumpokea ndoo.

BUNGE: Shikamoo, mama! Karibu, karibu sana! Kijiwe kilikuwa yatima!

SIKUDHANI: Marahaba. Shikamoo, Mzee Mohamedi.

MZEE MOHAMEDI: Marahaba, binti yangu. Umekuja na baraka.

PROFESA: Sisi tulijua tangu mwanzo, mama. Tulikuwa tunasema hapa, siku zote tulikuwa tunasema, haki haizami.

SIKUDHANI: Mlikuwa mnamwambia nani?

Profesa alikohoa. Sikudhani akasalimia mwisho wa taruma kwa kichwa tu. Mathayo naye akajibu kwa kichwa. Yule mama alikaa mahali pake chini ya bati, akafunua ndoo, na harufu ya togwa ikatufikia, tamu yenye uchachu, harufu ambayo sikujua nimeikosa kiasi hicho. Bunge akaanza tena sifa, nyuzi, vinasaba, mbwa wa nyumbani, mpaka Sikudhani akatabasamu. Alichota kwa kata, akajaza kikombe kikubwa cha bati.

Sasa, kwa wasiojua. Huku kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza. Awe mgeni wake ni mfalme au mwizi, mwenye kinywaji atapeleka kikombe mdomoni, apige funda moja mbele ya watu, ndipo akitoe. Kunaitwa kuondoa wasiwasi. Sikudhani alifanya hivyo maisha yake yote. Alifanya hata siku ya kipaimara, mbele ya watu wote, na haikumsaidia.

Tulisubiri aonje. Hakuonja. Alikinyoosha kikombe mbele yetu, mkono umenyooka.

SIKUDHANI: Leo mimi sionji. Nani anaanza?

Weee! Taruma lote lilipoa kama asubuhi.

Mzee Mohamedi akaanza kuchochea mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Bunge akatazama kikombe, akatazama angani.

BUNGE: Mimi ningeanza, mama, ila leo nimefunga.

MZEE MOHAMEDI: Umefunga na kahawa mkononi?

BUNGE: Nilifunga asubuhi.

PROFESA: Tusiharakishe mambo. Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

Hiyo ndiyo methali pekee ya siku ile iliyoingia mahali pake, na ningetamani asingeijua. Mimi je? Mimi niliinamia cherehani nikawa natafuta tundu la sindano yenye uzi tayari. Tulikuwa tumeshukuru alasiri nzima. Tulishagawa jogoo, asali na dua. Tulijua mpaka nyuzi zilipokatikia. Na bado hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu swali la maneno mawili. Sikudhani hakuushusha mkono.

Mathayo akasimama. Alivua kofia, akaiacha juu ya taruma, akapita mbele yetu sote. Akapiga goti moja chini, palepale kwenye vumbi la pumba, akapokea kikombe. Hakupiga funda. Alikunywa chote, bila kupumzika, togwa ikimchuruzika kidevuni, mpaka tukaona kitako cha kikombe.

MATHAYO: Nisamehe, dada.

Sikudhani alikuwa anamtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa.

SIKUDHANI: Rebeka anaendeleaje?

MATHAYO: Amepona. Jana kamkimbiza mbuzi wa jirani hadi barabarani, kachapwa, kacheka. Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti. Na wewe nakushukuru umekuja, maana ningekuwa mimi nisingekuja.

Mama yule alijifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akatoa chupa kwenye kikapu, akaisuuza, akachota togwa nyingine. Kabla ya kumimina aliileta kata mdomoni. Akaonja yeye kwanza, funda moja, polepole, sote tukimwona. Ndipo akaijaza chupa hadi shingoni, akafunga kizibo.

SIKUDHANI: Hii mpelekee Rebeka.

Mathayo aliipokea kwa mikono miwili.